Kozi Ni Bure, Bando Si Bure: Kujifunza Kutengeneza Programu za Simu

Ndugu zangu, karibuni. Masomo ya kutengeneza programu za simu yamejaa mtandaoni, na mengi yaliyo bora hayalipiwi hata senti. Wanaoyaanza na kuyaacha njiani mara nyingi hawashindwi na somo. Wanashindwa na mashine yenye RAM ndogo, na bando linaloisha kabla programu ya kwanza haijafunguka. Ndiyo maana naomba leo tuchague kozi kwa kuangalia kwanza mashine iliyopo. Ubishi wa lugha ipi ni bora tuuweke pembeni.

Mwenye laptopu ya RAM ya GB 4 asipakue Android Studio, zana rasmi ya Google ya kutengeneza programu za Android. Hata ikifunguka, mashine itaganda kila akijaribu kuendesha mradi. Kazi yake ianzie kwenye kivinjari. Kotlin Playground inaendesha msimbo (code) wa Kotlin, lugha kuu ya programu za Android, bila kusakinisha chochote. DartPad inafanya hivyo kwa lugha ya Dart na Flutter, zana ya Google ya kutengeneza programu za Android na iPhone kwa Dart, na skrini ya programu unaiona papo hapo kando ya msimbo wako. Wanaotaka React Native, yaani kutengeneza programu za simu kwa JavaScript, wana Snack ya Expo. Na kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja, MIT App Inventor bado ni mlango mzuri: anapanga vitufe kwenye skrini, anavuta vipande vya maelekezo na kuviunganisha, kisha anaiona programu kwenye simu yake kupitia programu ya simu iitwayo Companion. Hakikisha kompyuta na simu ziko kwenye Wi-Fi moja. Zisipokuwa, kuunganisha kunakwama, na mwanafunzi anadhani amekosea kupanga vipande.

Ukiwa na RAM ya GB 8, kozi ninayoipendekeza kwa anayeanza ni Android Basics with Compose ya Google. Ina sehemu nane, na inaanzia chini kabisa, kwenye misingi ya Kotlin, hadi kuhifadhi data ndani ya simu kwa maktaba ya Room. Compose ni zana ya kujengea skrini za programu. Masomo yake mengi ya vitendo yana mradi wa kuanzia na msimbo uliokamilika, kwa hiyo ukikwama unalinganisha mstari kwa mstari. Lakini usinakili na kubandika. Andika mwenyewe kwa vidole vyako. Kusahau mabano ndiko kunakokufundisha kusoma ujumbe wa hitilafu, na hiyo ni nusu ya kazi hii.

Sasa tuje kwenye bando. Android Studio peke yake inazidi GB 1. Ongeza SDK (vifaa vya kujengea programu za Android), ongeza mfumo wa emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) ambao nao unaweza kuzidi GB 1, halafu mara ya kwanza unapojenga mradi, Gradle, zana inayojenga programu, inavuta maktaba zake nyingine kimyakimya. Mtu anaona mstari unazunguka nusu saa, anakata, anaanza upya, bando linakwisha. Fanya hivi: nenda penye mtandao wa uhakika, chuoni au maktaba, sakinisha, fungua mradi mmoja mtupu na uuache ujengwe mpaka mwisho. Baada ya hapo washa hali ya nje ya mtandao ya Gradle ndani ya Android Studio. Utafanya kazi nyumbani bila bando, ilimradi usiongeze maktaba mpya.

Na emuleta achana nayo. Google wenyewe wanataja GB 8 kwa Android Studio pekee na GB 16 ukiiongezea emuleta. Tumia simu yako. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, bonyeza namba ya toleo la mfumo, ile iitwayo Build number, mara saba. Menyu ya wasanidi itatokea, washa USB debugging (ruhusa ya kujaribu programu kupitia waya), chomeka waya, ukubali ombi litakalojitokeza kwenye skrini. Kompyuta isipoiona simu, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine. Waya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data.

Kwa Flutter, anza na mafunzo ya docs.flutter.dev, na kihariri cha VS Code, ambacho ni chepesi. Tatizo moja la kuangalia: matoleo ya karibuni yanaandika -Xmx8G ndani ya faili la gradle.properties, yaani Gradle inaruhusiwa kuchukua hadi GB 8. Kwenye mashine ndogo shusha iwe -Xmx2G. Lingine linawaumiza wengi siku ya kutoa programu: wakati wa majaribio inavuta data vizuri, ukijenga toleo la mwisho haivuti kitu. Sababu ni kwamba mradi mpya una ruhusa ya INTERNET kwenye faili la majaribio tu. Iongeze mwenyewe kwenye AndroidManifest.xml iliyo ndani ya folda ya main.

Video za YouTube zinasaidia, ila angalia tarehe kabla ya kubonyeza. Dart 3, ya Mei 2023, haikubali tena msimbo ulioandikwa bila null safety, yaani ulinzi dhidi ya thamani tupu. Somo la 2019 litakupa mistari myekundu kila mahali ingawa hujakosea. Dalili ya haraka: ukimwona mwalimu anaandika RaisedButton, funga, kwa sababu sasa ni ElevatedButton. Kwenye Android, AsyncTask, njia ya zamani ya kufanya kazi nyuma ya pazia, ni dalili kama hiyo.

Upande wa iPhone nitapita haraka. Mihadhara ya Stanford ya CS193p ni bure na ni mizuri sana, lakini Xcode, zana ya Apple ya kutengeneza programu hizo, inataka Mac, na kusambaza programu kwenye App Store ni dola 99 kila mwaka. Asiye na Mac aanze Android.

Wengi hapa mnataka programu inayopokea malipo. Daraja ya Safaricom, njia ya kuunganisha programu yako na M-Pesa, ina mazingira ya majaribio yasiyolipiwa, na humo unaweza kujaribu kutuma ombi la STK, yaani ujumbe unaomtokea mteja kwenye simu ili aweke PIN. Nasisitiza kwa nguvu: funguo za siri zisikae ndani ya programu ya simu. Faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android, hufunguliwa na yeyote mwenye zana za bure, na funguo zitasomwa. Simu iongee na seva yako, seva ndiyo iongee na Daraja. Na anwani ya kupokea majibu lazima ifikike kutoka nje, kwa hiyo localhost, yaani anwani ya kompyuta yako mwenyewe, haitapokea majibu kamwe.

Kuchapisha Google Play ni dola 25, mara moja tu. Lakini akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inatakiwa kwanza kufanya jaribio la kundi maalumu (closed test) la watu wasiopungua 12, wakae wamejiunga siku 14 mfululizo. Akitoka mmoja mkabaki 11, sharti halijatimia. Waombe watu 15 au zaidi, chukua barua pepe za Gmail wanazotumia kweli kwenye Play Store, na uanze kuzikusanya wakati bado unaandika msimbo.