Namna ya kufunga breki mtambo mdogo wa upepo kwa mzigo wa kumwagia umeme

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tupo Msimbati, mkoani Mtwara, kwenye nyumba yenye mtambo wa upepo wa wati 600 uliosimama juu ya mlingoti wa mita 12, unaochaji betri za volti 24. Kazi yetu ni kuonyesha namna ya kuusimamisha mtambo huu kwa usalama na namna ya kuuzuia usikimbie kupita kiasi siku ambazo betri zimejaa na upepo bado unavuma. Wenzetu wa Lindi na Kilwa wenye mitambo ya ukubwa huu wanaweza kufuata hatua hizihizi, kwa sharti kwamba hesabu wazifanye upya kwa vipimo vya mitambo yao.

Kabla ya kushika bisibisi, lazima tuelewane juu ya jambo moja. Mafundi wengi wanaingia kwenye upepo wakitokea kwenye umeme wa jua, na wanakuja na mazoea ambayo huku ni hatari. Paneli ya jua ukiichomoa haina neno. Inakaa juani na volti zake bila kudhuru kitu. Mtambo wa upepo ukiuchomoa ukiwa unazunguka, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kikiyashika mapanga, yaani umeme unaovutwa kutoka kwenye jenereta. Mapanga ya mtambo huu yana kipenyo cha mita 2.4. Upepo unapofika mita 10 kwa sekunde, yakiwa na mzigo huzunguka karibu mara 480 kwa dakika; yakiachwa bila mzigo yanaweza kukaribia mara mbili ya mwendo huo. Volti zinapanda kwa kadiri ileile, zinaunguza rektifaya, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa AC wa jenereta kuwa DC wa kuchaji betri, na chochote kilichounganishwa nayo, na mtikisiko unaanza kulegeza nati za juu ambazo hakuna anayeziona. Ikumbukwe pia kwamba nguvu ya upepo haiongezeki kwa hesabu ya kawaida: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nane. Kwa hiyo kila tutakachofanya leo kinafuata kanuni hii: mtambo usiondolewe mzigo mmoja kabla haujapewa mwingine.

Tutatumia vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Mzigo wa kumwagia umeme hufanya kazi wenyewe kila siku: betri zikijaa, kontrola, yaani kifaa kinachoangalia volti za betri, huupeleka umeme unaozidi kwenye rezista, vifaa vinavyoukinza umeme, zikaugeuza kuwa joto, na mtambo ukaendelea kushikwa. Swichi ya breki ni ya mkono, na hutumika tunapotaka mapanga yasimame.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Mtambo ni wa wati 600, lakini mshindo wa upepo huweza kuupandisha juu ya hapo kwa muda, kwa hiyo tunaongeza robo na kupata wati 750. Volti tutakayoanza kumwaga ni 28.8. Rezista tatu za omu 3 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani), zikiunganishwa sambamba, zinakuwa omu 1. Kwa volti 28.8 zitavuta ampea 28.8, sawa na wati 829 hivi. Tumevuka 750, basi zinatosha. Kila rezista itabeba wati 276, lakini hizi mnazoziona mezani zimeandikwa wati 500, nami ningependa msishuke chini ya hapo, kwa sababu wati zinazoandikwa kiwandani hupimwa mahali penye hewa ya kutosha, wakati chumba cha bati mwezi Februari huku kwetu kina joto lake hata kabla ya umeme.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kuna kosa linalorudiwa sana. Mtu anachukua koili ya jiko la umeme au hita ya maji ya wati 1000, anaiunganisha na kuamini kwamba amepata mzigo wa wati 1000. Koili ile imetengenezwa kwa volti 230, na ukinzani wake ni omu 53 hivi. Ukiipa volti 28.8 itavuta wati zisizozidi 16. Ni sawa na kutokuweka kitu, na hatari yake ni kwamba mwenye nyumba analala akijua amelindwa. Kabla ya kufunga rezista yoyote, weka multimita kwenye omu, gusisha ncha zake na usome mwenyewe. Hii yetu inasoma 3.0. Toa sehemu ndogo inayosomwa unapogusisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, maana kwenye omu chache kiasi hicho ni kikubwa.

Hatua ya pili ni mahali pa kuzifunga. Rezista zikifanya kazi kwa saa kadhaa huwa za moto kiasi cha kuunguza mkono na kuchoma kikuti kikavu. Tumezifunga kwenye bamba la chuma, juu ya ukuta wa tofali, zikiwa na nafasi ya sentimita 30 kila upande na zaidi ya hapo kwa juu, na mbele yake tumeweka wavu wa chuma ili mtoto asifikie. Zisikae chini ya paa la makuti, wala kwenye chumba kinachowekwa magunia ya korosho, wala karibu na madumu ya mafuta. Jambo linalosahaulika zaidi ni betri zenyewe. Betri za maji ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni zinapokaribia kujaa, na saa hiyohiyo ndiyo rezista zinapoanza kuwa za moto. Kwa hiyo betri ziko chumba kile chenye matundu ya hewa juu na chini, na rezista ziko upande huu wa ukuta.

Hatua ya tatu ni kuunganisha. Kontrola ya kumwagia inaungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri kwa nyaya zake yenyewe, tena fupi. Kati yake na rezista tumetumia nyaya za shaba za milimita za mraba 10, na kati ya betri na kontrola tumeweka fyuzi ya DC ya ampea 40. Kontrola nayo iwe na uwezo wa kubeba ampea hizo au zaidi. Umeme kutoka kwenye rektifaya unaingia betri kwa njia yake peke yake. Usiupitishe mtambo wa upepo kwenye kontrola ya sola, hata kama volti zinalingana, kwa sababu kontrola nyingi za sola hukata njia betri ikijaa, na tumeshaona kukata njia maana yake nini. Kama nyumba ina paneli pia, paneli zibaki na kontrola yake.

Naomba kamera isogee hapa. Hii ni lagi ya shaba, yaani kichwa kinachobanwa mwishoni mwa waya ili ufungwe kwa nati, iliyofungwa wakati mtambo huu unasimikwa, ikabaki bila kupakwa grisi. Mnaona ukijani umeanza kwenye shingo, mahali waya unapoingia, na nikiuvuta kidogo nyuzi tatu za pembeni zinakatika mkononi. Nyumba hii iko mita chache kutoka baharini, na chumvi ya hewani haihitaji muda mrefu. Kila lagi tunayofunga leo tunaibana kwa koleo lake, tunaivisha mpira wa kusinyaa kwa joto, kisha tunaipaka grisi. Waya ukiachia hapa, mzigo umeondoka.

Hatua ya nne ni kuweka viwango. Kwa betri hizi za maji ya asidi tumeamuru kumwaga kuanze kwenye volti 28.8. Kwa mwenye betri za lithiamu za volti 24, shusha kiwango hicho hadi karibu 27.6, na uhakikishe kiko chini kabisa ya kile ambacho ubao wa ulinzi wa betri hukatia. Ubao huo ukikata, betri inatoweka kwenye mfumo ghafla, na mtambo unabaki bila kitu cha kusukuma.

Sasa tunafika kwenye swichi ya breki. Kutoka juu ya mlingoti zinashuka nyaya tatu za fezi hadi kwenye rektifaya. Ukizipiga shoti nyaya hizo tatu kwa pamoja, jenereta inavuta mkondo mkubwa ndani yake yenyewe, na mkondo huo ndio unaoshika mapanga. Swichi yetu ina njia tatu. Upande mmoja wa kila njia umeungwa na fezi yake, na pande tatu zilizobaki zimeunganishwa pamoja kwa kipande cha shaba. Ikiwa wazi, mtambo unachaji kama kawaida. Ikifungwa, mtambo unashikwa, na hatujachomoa kitu chochote, kwa sababu rektifaya inazuia umeme wa betri usirudi nyuma.

Zipo tahadhari tatu, na sizisemi ili kujaza muda. Swichi hii iwe kabla ya rektifaya, upande wa AC. Ukiiweka baada yake utakuwa unapiga shoti betri, nayo betri ina ampea za kutosha kuyeyusha spana. Isiwe sakiti breka, kwa maana sakiti breka hujifungua mkondo ukizidi, na breki inayojifungua upepo ukiwa mkali ni mbaya kuliko kukosa breki, kwa sababu mtu ameshaiamini. Na kama unatumia swichi ya kuzungusha, usichukue ile yenye sifuri katikati, kwa kuwa mkono unapopita sifuri mtambo unakuwa huru.

Nyaya za kushuka nazo zina sehemu yake katika breki. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4 wenye urefu wa mita 30 una ukinzani wa omu 0.13 hivi, wa milimita 10 una omu 0.05. Ukinzani ukiwa mdogo, breki inashika vizuri zaidi kwenye mwendo mdogo. Wapo wanaopendelea kufunga swichi chini ya mlingoti ili kufupisha waya. Mimi napendelea waya mnene na swichi ukutani, ndani ya nyumba, kwa sababu anayekwenda kufunga breki upepo ukiwa mkali hapaswi kusimama chini ya mapanga.

Kwenye majaribio tunaanza na mzigo. Tunashusha kiwango cha kontrola kwa muda hadi ianze kumwaga, kisha tunauzungushia waya wa rezista klampu mita ya DC, ile mita inayopima ampea kwa kuukumbatia waya. Betri iko kwenye volti 26.4, mita inasoma ampea 26, ndivyo inavyotakiwa kwa omu 1. Mkisoma theluthi mbili ya kiasi mlichokitarajia, rezista moja imekatika au lagi yake imelegea. Kama kontrola yenu humwaga kwa kukatakata umeme haraka, ishusheni hadi iwe imefunguka kikamilifu ndipo msome. Mkimaliza, rudisheni kiwango mahali pake. Kisha jaribuni breki asubuhi ambayo upepo ni mwepesi: fungeni swichi, tazameni juu, na mapanga yanatakiwa kupungua mpaka yabaki yanatambaa. Yakiendelea kuzunguka kwa wepesi, kuna fezi isiyogusa.

Kufunga breki wakati kusi limeshika, hasa Juni hadi Agosti, kunahitaji subira. Jenereta ikipigwa shoti wakati mshindo uko juu inaweza kushindwa kuyashika mapanga, na nguvu yote ikaishia kuwa joto ndani ya koili mpaka zikaungua. Simama mbele ya mita ya ampea. Upepo wa kusi huja na kupumzika. Mita inapanda hadi 20, inashuka 12, inashuka 6. Funga swichi hapo chini. Hesabu hadi kumi huku ukitazama mapanga. Kama hayajapungua mwendo, fungua swichi ili mtambo urudi kwenye betri na rezista, ngoja pumziko jingine, ndipo ujaribu tena. Usiwashe na kuzima mfululizo, na pasiwe na mtu ndani ya eneo la mlingoti.

Kwa dhoruba kubwa breki haitoshi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikaja pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, funga breki siku hiyohiyo upepo ungali mdogo, kisha laza mlingoti chini kabla mvua haijaanza, ukiwa na watu wa kutosha kwenye kamba. Mapanga yakishafika chini yafunge kwa kamba kwenye mguu wa mlingoti, hata kama swichi imefungwa, kwa sababu breki ya umeme hupunguza mwendo lakini haizuii mapanga kutambaa, na vidole viko karibu.

Siku ya kuusimika tena, kamba ya mapanga ifunguliwe mlingoti ukiwa bado chini, na swichi ibaki imefungwa wakati wote wa kuuinua. Kagua lagi, pima rezista kwa mita, na uhakikishe fyuzi haijakatika. Hakikisha betri imeungwa na kontrola inaonyesha volti. Baada ya hapo ndipo ufungue swichi, asubuhi, upepo ukiwa mwepesi.