Vilima vya Shela ni Tangi la Maji
(Mhadhara uliotolewa Masaka, Uganda, kwa vijana wanaojiandaa kwa safari ya Lamu, Kenya)

Ndugu zangu, mji wa kale, punda na majahazi mnavijua, sivirudii. Nimekuja kwa ajili ya vilima vya mchanga vya Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu. Waliokwisha kunisikia wanivumilie, maana kila safari hakosi kijana wa kurudi na video yake akiteremka vilima vile kwa ubao.

Jamani, lile ni tangi la maji! Mvua ikinyesha Shela inazama mchangani papo hapo. Chini yake kuna maji ya bahari, lakini ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, basi yanakaa juu, matamu. Visima vinavyonywesha mji wa Lamu viko huko. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Na nani anaushika mchanga usipeperuke? Mimea inayotambaa, yenye maua ya zambarau, ile mnayoikanyaga mkitafuta pa kupigia picha. Inama uitazame: mafundo ya shina yameshusha mizizi, na nyuma ya majani upepo umeacha vijilima vya mchanga. Watu wakishazoea kupita hapo, mimea inakufa, upepo wa Kusi unaingia na kuchimba korongo.

Najua mtaniambia, mwalimu, si bahari italeta mchanga mwingine? Haya, mliotoka Kampala mmepita kinamasi cha Lwera. Mmeyaona madimbwi waliyoacha wachimba mchanga kando ya barabara? Yamejaa maji, hayakujaa mchanga! Malori yanaupeleka mjini kujenga maghorofa, kinamasi kinabaki mashimo. Mei 2023 mto Katonga, huko huko njiani, ulifurika, barabara hiyo ya Kampala ikakatika pale darajani, tukazunguka kwa Sembabule. Mvua ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini kinamasi kisichochimbwa ndicho hupokea maji kama yale na kuyaachia polepole.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye mbao za kuteleza mawimbini: Shela inatazama bahari kuu, na msimu wa Kusi bahari huchafuka. Asiyejua kuogelea abaki nchi kavu. Tembeeni chini ya vilima, ufukweni, kwenye mchanga ulioloa. Mkiingia mtaani, vaeni kwa heshima. Na mifupa ya waliokufa katika vita vya Shela, watu wa Lamu walipopigana na wa Pate na Mombasa miaka ya 1810, imewahi kufichuliwa na upepo vilimani. Ukikuta mfupa, uache ulipo. Hilo lilistahili saa nzima, lakini naona mikono imeinuliwa. Haya, dada wa mbele, uliza.