Kioo cha Mshazari: Kuitambua Grafu ya Fanksheni Kinyume

Karibuni. Niko ufukweni hapa Mwanza, nyuma yangu ni Jiwe la Bismarck. Maji bado yametulia, kwa hiyo nawahi kabla upepo haujaamka.

Umepewa f(x) = 2x + 4 na grafu nne, A mpaka D. Ipi ni ya kinyume chake, yaani fanksheni inayokurudisha kutoka y hadi x? Mihimili nimeshachora. Nukta mbili zinatosha: (0, 4) na (−2, 0). Rula, mstari, basi.

Sasa geuza kila jozi, x na y zibadilishane nafasi: (4, 0) na (0, −2). Tafuta grafu inayopita hapo. Ni C.

Lakini msiondoke. Kamera, geukia majini. Mnaona jiwe limepinduka, kichwa chini? Kioo cha ziwa kimelala. Grafu A imefanya hivyohivyo: imepinduliwa kwenye mhimili wa x, inapita (0, −4). Nikiwa kidato cha tatu nilichagua ya namna hiyo nikakosa alama zote za swali, na hadi leo naiona ikiwakosesha wanafunzi wangu. Kioo chetu hakilali! Ni mstari y = x, umekaa mshazari: x na y zikibadilishana nafasi, grafu inapinduka kwenye mstari huo. Narudia: mshazari. B imepinduliwa kwenye mhimili wa y, itoe. D ni mkunjo wa 1/(2x + 4). Kinyume cha f huandikwa f⁻¹; aliyeichora amedhani ile −1 juu ya f ni kipeo. Si kipeo, ni alama tu ya kinyume.

Ngoja... kwenye skrini naona y = x yangu imeinama mno. Ahaa, skeli. Kwenye x, sentimita 1 ni kizio 1; kwenye y nimebana, sentimita 1 ni vizio 2. Jozi ziko sawa, ila ukikunja karatasi kwenye kioo, mistari haitalaliana. Nachora upya, skeli moja pande zote.

Haya, sasa imekaa digrii 45. Ukipewa y = x², kwanza pitisha rula ikiwa imelala: inagusa mkunjo mara mbili, maana 3 na −3 zote zinatoa 9. Hiyo haina fanksheni kinyume mpaka uchukue upande mmoja tu.

Uhakiki: refusha f na C kushoto. Zinakutana (−4, −4), juu ya kioo chenyewe. Kunja karatasi hapo, inyanyue kwenye mwanga wa ziwa. Mnaona? Mstari mmoja.