Dakika za Kwanza Kitini: Kazi ya Msusi katika Saluni Yenye Matawi Mengi

Ndugu wasusi wenzangu, nanyi mnaojiandaa kuingia katika kazi hii, nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa nywele katika saluni yenye matawi mengi. Nitajikita katika zile dakika chache ambazo mteja amekwisha kuketi nawe hujashika bado mkasi. Katika saluni zetu wateja wengi huingia bila miadi na kupewa msusi yeyote aliye huru, huku bei na muda wa kila huduma vikiwa vimekwisha kupangwa na makao makuu; na pale ambapo sehemu ya kipato ni kamisheni, kishawishi cha kuzipunguza dakika hizo ni kikubwa mno.

Mfumo huu haukuanza kwa haraka hiyo. Martha Matilda Harper, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi za ndani tangu utotoni, alifungua saluni yake mjini Rochester, New York, mwaka 1888, na miaka michache baadaye akaanza kuwaruhusu wanawake wengine, wengi wao wakiwa watumishi kama alivyokuwa yeye, kufungua saluni kwa jina lake na kwa mafunzo yake. Saluni hizo zilifikia zaidi ya 500. Naamini mteja aliiamini saluni ya mji asioujua kwa sababu aliyemshika kichwa alikuwa amefundishwa kumtunza.

Mteja anaposema, "Punguza kidogo," wewe hukijui kidogo chake, basi mwombe akuonyeshe kwa vidole. Nywele za kujikunja hurefuka zikilowa na kupanda zikikauka, kwa hiyo ulizokata zikiwa mbichi zitaonekana fupi kuliko ulivyokusudia. Na kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, sentimita 5 ulizozidisha ni karibu miezi 5 ya mtu kusubiri.

Kwenye dawa, uangalifu unahitajika zaidi. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo uimara wake hutokana kwa sehemu kubwa na viunganishi vya salfa. Dawa ya kulainisha yenye haidroksaidi ya sodiamu huvunja viunganishi hivyo, na sehemu iliyokwisha kupakwa hairudi ilivyokuwa. Ukiongeza blichi, yaani dawa ya kung'arisha rangi ya nywele, juu yake, unaidhoofisha tena. Chukua unywele mmoja, uloweshe, ushike ncha zote mbili, kisha uvute taratibu. Ulio mzima hunyumbuka na kurudi, ila uliochoka hurefuka kama ute ukabaki hivyo, au hukatika papo hapo. Kipimo hicho hakimalizi hata dakika moja.

Mimi niliwahi kukiruka. Mama mmoja, mteja wa siku nyingi wa tawi letu lakini mgeni kwangu, alitaka rangi nyepesi. Foleni ilikuwa ndefu, na kadi yake ya kumbukumbu za huduma ilikuwa na tarehe na bei tu, bila dawa alizowahi kupakwa. Nilipokuwa namsuuza kwenye beseni, fungu la nywele za kisogoni lilibaki vidoleni mwangu. Hakupiga kelele, ila alipeleka mkono nyuma na kupapasa mahali pale, mara moja, kisha tena.

Tangu siku hiyo naijaza kadi kama ninayemwandikia mwenzangu, kwa sababu mteja wa leo kwangu huenda kesho akaketi kwa mwingine: dawa iliyotumika, nguvu ya oksidaiza (kimiminika kinachochanganywa na rangi au blichi ili ifanye kazi), iwe asilimia 6 au 9, muda iliokaa, na jinsi ngozi ya kichwa ilivyoipokea. Rangi nazo zina kipimo chake cha ngozi, cha kuona kama zinamdhuru mteja, ambacho kwa kawaida hufanywa saa 48 kabla, na hapo inabidi kumwambia mteja aliyeingia na fedha mkononi kwamba arudi keshokutwa. Mameneja mlioko hapa, msusi anayesema hivyo msimhesabie kuwa amepoteza mauzo, na katika ratiba ya kila huduma ya dawa mwongezeeni dakika 10 za kuuliza na kupima.