Nahodha Aliyekubali Kufunga Mabao Machache

Ndugu wasikilizaji, katika mada yetu ya uongozi michezoni nimemchagua Mkanada Steve Yzerman, aliyekabidhiwa unahodha wa Detroit Red Wings mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 21, akaushika hadi alipostaafu mwaka 2006. Katika ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, hakuna aliyewahi kuwa nahodha wa timu moja kwa muda mrefu kama huo.

Msimu wa 1988–89 alifunga mabao 65 na kutoa pasi za mabao 90, lakini Kombe la Stanley, yaani taji la ligi hiyo, halikupatikana. Kocha Scotty Bowman, aliyefika mwaka 1993, alimtaka arudi nyuma kukaba, jambo zito kwa mshambuliaji aliyejengewa jina na mabao yake. Yzerman alikubali, mabao yakapungua, na bado mwaka 1995 New Jersey ikawafunga mechi zote nne za fainali. Ustahimilivu wake wa kipindi hicho ndio ninaouheshimu kuliko mataji. Mwaka 1997 Detroit ikatwaa Kombe la Stanley, la kwanza tangu 1955.

Siku chache baadaye beki wao, Vladimir Konstantinov, aliumia vibaya kichwani katika ajali ya gari. Walipolitetea kombe hilo mwaka 1998 kule Washington, Konstantinov aliletwa uwanjani kwa kiti cha magurudumu, na nahodha, mara baada ya kukabidhiwa kombe, alimpa yeye kwanza, kisha wenzake wakamsukuma kulizunguka barafu.

Mwaka 2010 Yzerman akawa meneja mkuu wa Tampa Bay Lightning, kazi ya kuteua wachezaji chipukizi na kupanga mikataba bila kuvuka kikomo cha mishahara. Nikita Kucherov alichaguliwa wa 58 mwaka 2011, na Brayden Point wa 79 mwaka 2014, baada ya klabu nyingine kuwapita. Aliondoka mwaka 2018, na makombe ya 2020 na 2021 yakachukuliwa chini ya Julien BriseBois, aliyekuwa msaidizi wake. Wanaoliita hilo bahati mbaya wanasahau kwamba mihimili ya vikosi vile aliisimamisha yeye. Wakati huo alikuwa amekwisha kurejea Detroit, iliyokuwa haijacheza hatua ya mchujo tangu 2016, akianza upya kulea vijana.