Damu ya Kitovu na Mtoto Aliyezaliwa Amechoka

Ndugu zangu wakunga, wauguzi na matabibu, asanteni kwa kufika. Wengine mmetoka zamu ya usiku, wengine mmepanda basi alfajiri kutoka Kondoa na Mpwapwa.

Fomu nyingi za rufaa zinazofika hapa Dodoma mjini zimeandikwa hivi: "Mtoto amezaliwa amechoka, Apgar 4," yaani alama 4 kati ya 10 za hali ya mtoto mara anapozaliwa. Basi. Alama hizi, zilizochapishwa na daktari Virginia Apgar mwaka 1953, zinaeleza hali ya mtoto, sababu hazielezi. Mtoto njiti, au ambaye mama yake alipewa dawa za usingizi, naye anaweza kupata 4. Ukitaka kujua kama oksijeni ilipungua, tazama damu ya kitovu, yaani ya ule uzi unaomuunganisha mtoto na kondo.

Seli ikiwa na oksijeni, hupata molekuli 30 hivi za ATP, yaani nishati yake, kutoka kwenye molekuli moja ya glukosi, yaani sukari. Oksijeni ikikatika, hupata 2 tu. Kwa hiyo inaimaliza glukosi haraka mno, huku laktati, mabaki ya sukari iliyotumika bila oksijeni, na asidi vikirundikana. Ndiyo maana nawasihi mtoto huyu apimwe na sukari pia. pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, ikiwa chini ya 7.0 kwenye ateri ya kitovu, au upungufu wa besi, yaani wa vitu vinavyopunguza asidi, ukifika milimoli 12 kwa lita, ubongo wake uko hatarini.

Sasa hapa tusikilizane vizuri. Baneni kipande cha kitovu kwa klampu pande zote mbili. Mtaona mshipa mmoja mpana, laini: huo ni veni, unaopeleka kwa mtoto damu iliyotoka kwenye kondo. Miwili myembamba inayouzunguka ni ateri, inayoitoa damu mwilini mwa mtoto kuirudisha kwenye kondo. Chomeni ateri. Ukichoma veni, unaweza kuandika pH nzuri ilhali mtoto yuko taabani. Sirinji iwe na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na isiwe na hewa. Msicheleweshe kupima, kwani chembe za damu huendelea kutengeneza laktati hata nje ya mwili. Baada ya dakika 20, namba ya laktati haiaminiki tena. Pasipo mashine ya gesi za damu, ile inayopima pH, kipo kipimo cha mkononi cha laktati kinachotumia tone moja, kama kile cha sukari.

Lakini pumzi kwanza! Mtoto asiyepumua akaushwe, asuguliwe mgongo, na ambu begi, mfuko wa kumpulizia hewa, ianze ndani ya dakika 1. Kitovu kilichobanwa kinaweza kusubiri, mtoto hawezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali 8 za hapa Tanzania ulionyesha kuwa baada ya wahudumu kufundishwa hatua hizi, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mikono yenu ndiyo iliyofanya hivyo.

Mkimleta mtoto kwetu, andikeni kwenye fomu pH au laktati, mshipa uliochomwa na saa ya kuchukua damu. Tukiyajua hayo mapema, tunakaa macho kuangalia degedege, mkojo na sukari tangu anapopokelewa wodini.