Swali Linaloulizwa Wengine Tu

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote, wanangu, na walimu wenzangu mliokuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya ubaguzi na namna ya kuishi pamoja. Nitazungumzia kitambulisho. Wengi wenu mmetimiza miaka 18 au mnakaribia, na katika foleni ya kitambulisho ndipo vijana wengi wa Pwani hutambua kwamba serikali yao haiwatazami kwa jicho moja.

Chukueni wanafunzi wawili waliomaliza darasa moja hapa Mombasa. Wote wana vyeti vya kuzaliwa, wote wamebeba nakala za vitambulisho vya wazazi. Wa kwanza ana jina la Kikamba. Anajaza fomu, anachukuliwa alama za vidole, anapewa karatasi ya kusubiri. Wa pili ana jina la Kiarabu, au la Kisomali. Huyu anaambiwa alete na kitambulisho cha babu, alete barua ya chifu, halafu arudi siku ya kamati. Siku hiyo ikifika anasimamishwa mbele ya wazee na maafisa kupigwa msasa: ukoo wako upi, babu yako alizaliwa wapi, alizikwa wapi, nani anakujua. Kijana wa miaka 18 anatakiwa atoe ushahidi wa maisha ya mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Na asipopata kitambulisho hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, haandikwi kazi, hapigi kura.

Nataka mtambue kwamba karani hakumtukana mtu hapo. Pengine ni mtu mpole, anayesalimia vizuri. Ubaguzi umekaa ndani ya utaratibu, na utaratibu hauhitaji mtu mwenye chuki ili ufanye kazi yake.

Mambo haya yana historia ndefu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkoloni alimlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea na kipande, yaani cheti cha usajili cha wakati huo, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mzungu hakudaiwa kitu kama hicho. Babu zetu walikichukia kipande na wakapigana nacho. Lakini tulipojitawala, tabia ya kuwadai watu fulani ushahidi wa ziada haikuondoka. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni upya kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi nyingine juu ya kitambulisho. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi waliingia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na kukamata maelfu ya watu, wengi wakazuiliwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Wanubi wa Kibra, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari, walihangaika kwa miongo mingi wakitaka kutambuliwa kuwa raia, hadi mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto ikaamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wao.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuwa msasa huo wa ziada umefutwa. Nimefurahi, na nasema hivyo bila kigugumizi. Ila tangazo la rais ni jambo moja, na anachodai karani dirishani ni jambo jingine.

Sasa niseme na sisi wenyewe, na hapa naomba mnivumilie. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni, hapa Mombasa, kilivamiwa, silaha zikachukuliwa, kisha watu wa bara wakaanza kuwindwa nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na wanasiasa walikuwa na mkono wao. Lakini swali lililoulizwa mlangoni lilikuwa lilelile: kwenu wapi? Mama muuza mboga aliyezaa watoto wake wote Likoni alijibu, na jibu lake halikumfaa. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Hatuwezi kulia mbele ya kamati ya msasa huku tukimwita jirani wa miaka 30 "mbara" na kumpangia siku ya kuondoka. Naona haya kila ninaposikia neno hilo likisemwa kwa dharau barazani, na hata msikitini limesemwa.

Kuna watu waliokataa kulijibu swali hilo. Desemba 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera. Mwaka mmoja kabla, katika basi jingine la Mandera, walikuwa wamewatenga wasio Waislamu wakaua watu 28. Safari hii waliamuru tena abiria wajitenge. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Abiria wale hawakuwa wamehudhuria semina ya umoja. Walikuwa wamekaa kiti kimoja kwa saa nyingi, wakijua vizuri nani ni nani, na wakaamua kwamba habari hiyo si ya kumpa mwenye bunduki.

Katiba yetu, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa kabila, dini na asili. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale afisa wa serikali anapokunyima haki yako. Kwa hiyo ukidaiwa kitu ambacho mwenzako hakudaiwa, andika tarehe, ofisi, na maneno uliyoambiwa. Omba sababu kwa maandishi. Na wewe uliyehudumiwa haraka, usiondoke. Simama dirishani pamoja na mwenzako, umwambie karani: mimi sikuulizwa hayo, kwa nini yeye?

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na nianze na mabinti wale wa nyuma.